Kiriba chenye Sura ya Sultani

Hapo zamani, zamani ile ambayo watu walikunywa maji yenye harufu ya ngozi na wakamshukuru Mungu, palikuwa na mji mkavu uitwao Tamburani. Kisima cha mji huo kilikuwa mbali, na sultani wake alikuwa karibu, na wenyeji walimwomba Mola usiku na mchana mambo hayo mawili yabadilishane nafasi. Kwa kuwa kisima kilikuwa mbali, viriba vilihitajika sana, na kwa kuwa viriba vilihitajika, palikuwa na mafundi wa ngozi saba, na wa saba wao, kwa cheo na kwa mali na kwa umbo, alikuwa Mbaruku.

Asiyejua kiriba na ajue leo, asije akanikatiza mbele ya safari. Kiriba ni chupa ya ngozi. Huchukuliwa ngozi ya mbuzi, ikalowekwa katika maji ya majivu hata manyoya yakaachia, ikaparuzwa, ikalazwa katika shimo la maji ya magome siku ishirini, ikatoka humo inanuka hata mwenye mbuzi akaikana. Kisha hukatwa, ikashonwa ingali mbichi, ikashindiliwa mchanga mpaka ikavimba, ikaanikwa juani. Ikikauka, mchanga humwagwa na umbo hubaki. Basi hiyo ndiyo siri yote ya kazi ile: ngozi haina umbo lake yenyewe, hushika umbo la kile kilichomo ndani.

Mbaruku alishona viriba imara, lakini vyote vilipinda upande wa kushoto, kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Watu wakimwuliza, "Fundi, mbona viriba vyako vimepinda?" naye hujibu, "Ndugu zangu, tazameni fundi mwenyewe kwanza. Mama yangu alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu, na angalieni alichotoa." Watu wakacheka, wakanunua kwa kumwonea huruma, naye akacheka pamoja nao, akaenda zake nyumbani kwa mkewe Zaituni na unga wa siku moja.

Ikawa siku moja akaja mgeni katika mji ule, sultani wa nchi jirani, naye amening'iniza begani chupa ya ngozi yenye umbo la kozi, mbawa zimekunjwa, mdomo wa ndege ndio mdomo wa chupa. Sultani wa Tamburani, jina lake Zahrani, aliitazama chupa ile asile chakula. Mgeni alipokwisha kuondoka, Sultani Zahrani akawaita wazee barazani, akanena, "Yule ana ndege begani. Mimi nitakuwa na chombo chenye sura bora kuliko ya ndege. Nitakuwa na sura yangu mwenyewe. Kila mjumbe ajaye katika nchi yangu kavu atakunywa maji kinywani mwangu, apate kujua anayemnywesha ni nani."

Wazee wakasema, "Umenena kweli, bwana wetu." Walikuwa wakisema hivyo kila siku, hata mtu akipiga chafya.

Akaitwa kwanza fundi Shaame, mchonga miti, akachonga kibuyu cha mti chenye uso wa Sultani. Na kwa kuwa Shaame alikuwa mtu wa adabu, alipunguza mashavu, akanyoosha pua, akatia macho ya upole. Sultani akakitazama, akasema, "Huyu ni nani? Wataka wake zangu wampende huyu? Umenikejeli." Shaame akatiwa gerezani chini ya ngome.

Akaitwa wa pili, Bi Mize, mfinyanzi, naye alikuwa dada yake Zaituni mke wa Mbaruku. Bi Mize akajifunza kwa yaliyompata mwenzake, akafinyanga mtungi wenye uso ule ule aliouona, na mashavu yake, na pua yake, na kunyanzi lile katikati ya nyusi. Sultani akautazama, akaupiga teke ukavunjika vipande vipande. "Umenitukana!" akasema. Bi Mize naye akatiwa gerezani, na siku ya arobaini yake humo Sultani akatoa amri: "Sasa na aje fundi wa viriba. Sura ikinizidi kwa uzuri, amenikejeli. Ikinipungukia, amenitukana. Iwe sawasawa, wala isizidi wala isipungue, nami namngoja kwa siku tatu."

Habari ikatoka barazani kabla ya anayeipeleka. Kufumba na kufumbua, mafundi sita wa ngozi wakakumbuka kwamba wana jamaa wagonjwa katika miji ya mbali, wakafunga mizigo. Mbaruku peke yake hakusikia, maana alikuwa ndani ya shimo la magome hata kifuani, akigombana na ngozi ya beberu mmoja mkaidi. Askari walipofika ukingoni wakaziba pua, wakasema, "Toka, waitwa na Sultani." Mbaruku akadhani hatimaye sifa zake zimefika mbali, akatoka akitabasamu. Mjinga huyo! Nampenda, lakini mjinga.

Akafikishwa barazani, akasimamishwa mbali, upande usikovuma upepo. Sultani akamweleza shauri lote, na sawasawa ile, na gereza lile. Tabasamu likamtoka Mbaruku taratibu.

"Bwana wangu," akasema, "mimi ni fundi wa saba katika mafundi saba."

"Sita wamesafiri," akasema Waziri.

"Basi nimekuwa wa kwanza," akasema Mbaruku, "na sikuwahi kupanda cheo kwa haraka hivi. Lakini bwana wangu, viriba vyangu hupinda. Wewe u mtu uliyenyooka. Hofu yangu ni kukupeleka kushoto."

Waziri akaficha kicheko ndani ya kikohozi. Sultani hakucheka. Akasema, "Siku tatu. Ukiweza, omba utakalo. Usipoweza, chini ya ngome pana nafasi ya mtu mmoja."

Mbaruku akarudi nyumbani, akasimulia yote. Zaituni alikuwa anachambua mchele, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauweka ungo chini. "Mume wangu," akasema, "dada yangu leo ni siku ya arobaini hajaliona jua. Kila siku napanda ngome kumpelekea chakula, na mlinzi hula nusu yake mlangoni. Ukishindwa wewe nitapeleka cha watu wawili. Miguu yangu ni hii hii. Basi usishindwe."

"Mke wangu, nani anayetaka kushindwa? Mimi hushindwa tu, wala sitaki."

"Leo utake kushinda," akasema Zaituni, na macho yake yakalengwalengwa na machozi, maana alimpenda dada yake, na mume huyu aliyepinda alimpenda vilevile, ingawa hakuwa na desturi ya kumwambia.

Basi Mbaruku akaanza kazi. Akashona ngozi mbichi, akashindilia mchanga, akabonyeza kwa kidole gumba hapa yakawa macho, akavuta pale ikawa pua. Siku ya kwanza akatoa uso unaofanana na boga. Siku ya pili akatoa uso wenye pembe mbili za nyusi na kidevu kirefu, akauweka juu ya kinu, akamwita mkewe.

"Ni yeye," akasema Zaituni.

"Zaituni, huyu ni yule beberu. Ngozi imejikumbuka."

"Nami nasema ni yeye. Lakini usimpelekee."

Mbaruku akaketi chini, akaushika uso wake kwa mikono miwili. Mikono ilinuka magome, nayo ilikuwa imechoka. Akajisemea, "Ewe Mbaruku, miaka thelathini unatia mchanga na kutoa mchanga, na kila kilichotoka kilifanana na kilichokuwa ndani. Ukitia mchanga wa boga, boga. Ukitia mchanga wa mbuzi, mbuzi. Utatiaje mchanga utoke Sultani?" Kisha akainua kichwa, akasema tena polepole, "Utatiaje mchanga utoke Sultani?" Akaanza kucheka peke yake, na Zaituni akadhani mumewe amerukwa na akili, akasogeza kisu mbali.

Asubuhi ya siku ya tatu, jua likiwa bado dogo, Mbaruku akaingia barazani amebeba begani ngozi mbili kubwa za mbuzi, mbichi, zikidondosha maji ya magome juu ya mazulia, na mkononi chungu cha samli na sindano na uzi uliopakwa nta. Wazee wakajiziba pua kwa vilemba.

"Kiriba ki wapi?" akauliza Sultani.

"Ee bwana wangu, kiriba hiki hapa," akasema Mbaruku. "Kimekatwa, kimeshonwa nusu. Kimebaki kitu kimoja tu, cha kukijaza."

"Si mchanga? Mji wote huu ni mchanga!"

"Mchanga nimeujaribu, bwana wangu. Ukatoka boga, ukatoka mtu mwingine ambaye sitamtaja. Ngozi haina umbo lake, hushika umbo la kilichomo ndani. Na amri yako ni kwamba sura isizidi wala isipungue. Nimetafuta Tamburani nzima kitu chenye umbo lako sawasawa, pasipo kuzidi wala kupungua, nikakuta kimoja tu." Akainama mpaka paji la uso likagusa zulia. "Nacho kimeketi juu ya kiti hicho."

Waziri akakitazama kiti, akaitazama ngozi.

"Wasema niingie humo?" akauliza Sultani.

"Kuanzia utosini mpaka kiunoni, bwana wangu. Pua nimeiachia matundu. Kinywa nimekiachia wazi, maana ndicho kinywa cha kiriba. Tangu sasa hivi mpaka alasiri, juani, pasipo kujitikisa. Mchanga hukaa siku nzima, lakini wewe si mchanga, nimekupunguzia."

Sasa nitawaambia la moyoni mwake. Mbaruku hakutaka hata kidogo kumtia Sultani ndani ya ngozi ya mbuzi. Alitaka Sultani ainuse, akunje pua, aseme, "Toka hapa, shauri hili limekwisha," naye aende zake amwombee Bi Mize huruma siku nyingine. Hiyo ndiyo hila yake yote, na usiku kucha alijisifu kwa kuibuni. Hakumhesabu Sultani alivyo. Sultani Zahrani alikuwa amekwisha kunena neno lake mbele ya wazee arobaini, na wote sasa walikuwa wakimtazama waone kama ataogopa harufu.

"Na iwe," akasema Sultani, akavua kilemba.

Mbaruku akairudisha ngozi nyuma hatua moja. "Bwana wangu," akasema haraka, "inanuka mno."

"Naisikia."

"Ina kawaida ya kubana."

"Fundi, shona!"

Basi ikabidi. Mbaruku akampaka Sultani samli kichwani na usoni, akamvisha ngozi ile mbichi kama kanzu ya shetani, akamfunga mikono humo ndani, akashona ubavu huu na ubavu huu, akakaza mgongoni. Kila alipotoboa aliomba Mungu asiguse nyama ya ufalme. Sultani akatolewa uani, akaketishwa kwenye kiti katikati ya jua, mfuko wa ngozi wenye miguu, na Waziri akasimama kumpepea.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Jua lilipopanda, ngozi ikaanza kukaza. Nzi wakapata habari, wakaja na jamaa zao.

"Pua yaniwasha," ikasema sauti kutoka ndani. "Nataka kujikuna."

"Mchanga haujikuni, bwana wangu," akasema Mbaruku kwa unyenyekevu.

Muda ukapita. "Nina kiu."

"Mchanga hauna kiu, bwana wangu. Ukinywa, shavu litabadilika."

"Wewe mtu wa magome!" ikasema sauti. "Nikitoka humu!"

Sasa, katika kukauka kwa ngozi ipo saa moja ambayo mafundi huiogopa. Ngozi si mbichi tena wala haijawa kavu, na wakati huo hushika kila kitu. Ukiweka kidole, alama ya kidole chako utaiona mpaka mjukuu wako aoe. Mafundi huiita saa ya kushika, na wakati huo hata mbwa hufukuzwa asije akapita karibu. Ilipofika adhuhuri Mbaruku akaigusa ngozi kwa kucha, akajua kwamba ndiyo saa hiyo. Na hapa alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mwenye akili angenyamaza. Lakini alikuwa fundi, na fundi hawezi kuona kazi inaharibika akafumba macho, hata kama ni kazi itakayomfunga.

"Ee bwana wangu," akasema, "nakusihi. Hii ndiyo saa ngozi inaposhika. Tuliza uso. Usikunje nyusi, usikaze taya. Ukiweza, tabasamu."

"NANI ANAYEKUNJA NYUSI?" Sultani akanguruma. "MIMI? MIMI NAKUNJA NYUSI? NIMEKAA HUMU KAMA MZOGA, NALIWA NA NZI, NA WEWE WANIAMBIA NITABASAMU? WAZIRI! MKAMATE!" Akanguruma hivyo mpaka alipoishiwa pumzi, akavuta pumzi, akaendelea. Waziri akaendelea kupepea, maana fundi akikamatwa, nani angemfumua bwana wake? Na ngozi ikasikia yote, ikashika.

Alasiri Mbaruku akafumua mshono wa mgongoni, akamtoa Sultani. Alitoka amejaa samli na jasho na harufu, nywele zimemganda, mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Hapo hapo Mbaruku akaishindilia ngozi mchanga mkavu isije ikaporomoka, akaufunga mgongo, akaisimamisha juu ya meza. Kisha akarudi nyuma hatua nne, akaona alichofanya, na roho ikamtoka ikarudi.

Ulikuwa uso wa mtu anayepiga kelele. Nyusi zimegongana katikati. Mashavu yamevimba. Mishipa ya shingo imesimama kama kamba za ndoo. Na kinywa, kile ambacho wajumbe wangenywea maji, kimeachama kiasi cha kumeza embe zima.

Sultani akautazama. Wote wakatazama chini.

"Waziri," akasema Sultani. "Huyu ni mimi, au si mimi?"

Masikini Waziri. Akisema ndiyo, amemtukana Sultani. Akisema siyo, Sultani mwenyewe alikuwa ndani. "Bwana wangu," akasema, "nimekupepea tangu asubuhi, macho yangu yamejaa vumbi."

"Kadhi?"

Kadhi akakumbuka kwamba hakutawadha vizuri, akaondoka akatawadhe.

Sultani akamgeukia Mbaruku. "Umenitukana!"

Mbaruku akapiga magoti. Hakuona tena njia, na mtu asiyeona njia wakati mwingine husema kweli kwa kukosa jingine. "Bwana wangu, uniue, lakini nisikilize. Mimi nimeshona mbavu na mgongo tu. Uso sikuutia kidole hata kimoja, na mashahidi ni wazee hawa wote. Ningeugusa, ungepinda kushoto, maana hakuna kitu nilichowahi kukigusa kikabaki kimenyooka, hata ndoa yangu. Tazama, pua hiyo imenyooka! Nyusi zimelingana! Si kazi yangu hiyo, bwana wangu, ni nzuri mno. Aliyeifanya alikuwa ndani. Kama ni tusi, basi aliyetukana ni... ni... Mimi ni mwoga, bwana wangu, malizia wewe."

"ASKARI!" akanguruma Sultani.

Na aliponguruma, nyusi zake ziligongana, mashavu yakavimba, mishipa ya shingo ikasimama, kinywa kikaachama. Wazee wakamwangalia yeye, wakaangalia meza, wakamwangalia yeye. Askari nao wakasimama wakiangalia huku na huku, wasijue wametumwa na yupi.

Kelele ile ikamtoa ndani Bi Kidawa. Huyu alikuwa yaya aliyemnyonyesha Sultani utotoni, kikongwe mwenye mkongojo, na hakuna aliyemzuia kuingia popote kwa sababu alipiga. Akaja akikokota viatu, akafika mezani, akaukaribia uso wa ngozi, akaupapasa nyusi kwa vidole vyake vyembamba. Kisha akacheka mpaka akaushika mgongo.

"Ah, Zahrani wangu!" akasema. "Nani amekutunza hivi? Ndiyo wewe! Ndiyo wewe hasa! Hii ndiyo sura yako ya siku ile niliyokuachisha ziwa. Nilijipaka shubiri, ukaja mbio, ukaonja, ukatoa uso huu huu, ukalia hivi siku tatu mtaa mzima usilale. Nami nikasema moyoni, akikua ataacha." Akamtazama Sultani, aliyesimama na samli yake masikioni. "Hukuacha, mwanangu."

Mbaruku alifumba macho, akasikia nzi mmoja akizunguka, akamkumbuka Zaituni na ungo wake na ngazi za ngome.

Sultani akaenda mezani. Akaukodolea macho uso ule. Akakunja nyusi, akaugusa uso wa ngozi, akaugusa wake. Akaachama kinywa kidogo, akalinganisha. "Shubiri," akasema taratibu. Kisha bega moja likamtikisika, na la pili, na kitu kikamtoka kifuani ambacho wazee walidhani ni ghadhabu mpya, wakainama, lakini kikawa ni kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyekuwa amekisahau. "Arobaini!" akasema, machozi yakimtoka. "Wazee arobaini mwanitazama sura hii kila siku, na mwaniambia nimenena kweli!"

"Umenena kweli, bwana wetu," wakasema wazee kwa mazoea, na Sultani akacheka zaidi, akaketi chini sakafuni kwa kukosa nguvu.

Alipotulia akasema, "Fundi, imekuwa sawasawa. Haikuzidi wala haikupungua. Omba."

Mbaruku alikuwa bado amepiga magoti, hakuyaamini masikio yake. "Bwana wangu, naomba waliomo chini ya ngome, Shaame na Bi Mize. Na kama si kukuzidishia, naomba nisaidiwe kusimama, maana miguu imeniacha tangu adhuhuri."

Wakatolewa wote wawili. Shaame akatoka akipepesa macho, akasujudu. Bi Mize akatoka amekonda, shungi limefubaa, na Zaituni aliyekuwa akingoja langoni akamkumbatia, wakalia wote wawili. Kisha Sultani akamwonyesha Bi Mize uso wa ngozi, akamwuliza, "Mfinyanzi, waonaje kazi ya shemeji yako?"

Bi Mize akauangalia kwa muda mrefu, kama fundi anavyoiangalia kazi ya fundi. "Ee bwana wangu," akasema, "mimi sikuthubutu kufika huko."

Sultani akacheka tena, lakini safari hii aliinama, akamtaka radhi kwa siku arobaini na zaidi alizokosa jua, mbele ya watu wote.

Ikawa tangu siku ile kiriba kile kikawekwa barazani, na kila ghadhabu ilipompanda Sultani, Bi Kidawa alikinyanyua kwa mkongojo na kukiweka mbele yake, na mara nyingi hukumu iliahirishwa mpaka kesho. Lakini Sultani hakuridhika. Wajumbe walisita kunywa maji katika kinywa kile, na mmoja alizimia. Basi akamwita Mbaruku akasema, "Fundi, nataka cha pili, chenye sura yangu ninapocheka."

"Amri yako i juu ya kichwa changu, bwana wangu," akasema Mbaruku, "lakini ngozi ni ile ile na saa ya kushika ni ile ile. Itakubidi ucheke saa nzima pasipo kupumzika."

"Basi nichekeshe. Hiyo ndiyo kazi yako tangu leo, na chakula chako kitatoka jikoni mwangu."

Wakaanza. Sultani akaingia ngozini kwa hiari yake, na ilipofika adhuhuri Mbaruku akaketi mbele yake juu ya kigoda, akaanza kusimulia mambo yake mwenyewe, maana hakuwa na mengine ya kuchekesha kuliko hayo. Akasimulia alivyoposa mara nne, na Zaituni alivyomkubali kwa sababu kulikuwa na giza. Akasimulia alivyotoka shimoni akitabasamu siku ile askari walipomjia, akidhani amepata sifa. Akasimulia hila yake yote, na alivyoomba Mungu Sultani aikatae ngozi, na alivyohangaika kumzuia Sultani alipoikubali. Hapo Sultani akacheka kwa nguvu, tumbo likavimba, mbavu zikapanda, na mishono yote ikafumuka kwa kishindo, ngozi ikamwanguka miguuni.

Wakarudia mwezi uliofuata, na mwezi mwingine, na uzi ukaongezwa nta, na mishono ikafanywa maradufu. Kila mara ikafumuka. Hekaya yangu nimeikuta imekaa hapo, nami naiacha hapo hapo: Sultani ndani ya ngozi, Mbaruku juu ya kigoda, na kiriba cha kucheka hakijapatikana Tamburani mpaka leo.